Pini Hayumo Kwenye Orodha

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Orodha ya waliofaulu mtihani wa kuingia darasa la vipawa imebandikwa leo shuleni. Watoto ishirini wa darasa la tatu. Nimeisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kisha nikaibandua nione nyuma. Pini hayumo! Mwanangu, aliyejua kutunga uzi kwenye sindano kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mlinzi akaniambia nirudishe karatasi ya watu ubaoni.

Chini yake kuna orodha nyingine fupi, ya akiba. Wa kwanza Pini. Wa pili mtoto wa dobi, jirani yangu. Akiba! Mwanangu amewekwa akiba kama tairi.

Mke wangu akasema kukosa kwa alama moja si kukosa, tungoje. Yeye ni muuguzi. Kazi yake ni kuwaambia watu wangoje. Pini alikuwa sakafuni dukani, anamkatia mwanasesere wake gauni kwenye mabaki ya vitambaa vyangu. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia sijakasirika. Nimevunja chaki mbili za kuchorea nguo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Duka langu na la dobi yanatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo namsikia hata akikohoa. Nikamwendea nimuulize atachukua hatua gani kuhusu bintiye. Akasema ah, fundi, akiitwa heri, asipoitwa heri, si bado ni mwanangu? Akarudi kwenye pasi yake. Maisha ya mtoto yanateketea, baba ananyoosha kola!

Mimi si wa kukaa. Nikaenda kwa mwalimu wa darasa. Sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea sketi yake niliyomwahidi tangu Novemba. Ikambana kiunoni, lakini akashukuru. Akanieleza kwamba kila mwaka mtoto mmoja au wawili huhama, na nafasi hupewa walio kwenye akiba, kwa kufuatana. Subira yavuta heri, akaniambia. Nikamuuliza heri ya nani.

Nikadai fomu ya kurudia mtihani. Akaniuliza kama nimeisoma. Akaniwekea kidole kwenye aya ya tatu. Nilisaini kidole hakijaondoka.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kitabu cha mazoezi kimepatikana. Kazi imeanza. Swali la maumbo: mraba wenye tundu, na chini yake vipande vinne. Chagua kinachoziba. Pini akachagua kilicho sawasawa na tundu, bila hata kufikiri. Majibu nyuma ya kitabu yakasema hivyo hivyo.

Upuuzi mtupu! Miaka kumi na sita nashona viraka. Nani aliwahi kuziba tundu kwa kiraka kinacholingana na tundu? Utashonea wapi, hewani? Nikachukua suruali ya mteja nikamwonyesha. Kiraka lazima kizidi tundu pande zote. Lazima uache nafasi ya mshono. Nikamwambia aliyeandika kitabu hajawahi kushika sindano, ila mtihani wenyewe umetungwa na wataalamu, na kipande kilicho sawa na tundu ndicho mtego wao. Pini akasema lakini baba, kitabu kimesema. Nikamuuliza nani anamlea, kitabu au mimi.

Ameelewa. Maswali arobaini, kipande kikubwa mara arobaini.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mtoto wa dobi amekuja kumwita Pini wakaruke kamba. Nimemrudisha mlangoni. Baba mtu alimtuma, najua. Wanataka kumchosha mwanangu.

Pini amezitafuna kucha zake zote. Chakula hakigusi. Nikasema ni dalili nzuri, kichwa kinafanya kazi. Mke wangu akasema akili nyingi huondoa maarifa. Alipolisema hilo alikuwa ananitazama mimi, sijui kwa nini.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mtihani. Nimefunga duka nikamsindikiza. Nikasimama dirishani kumtia moyo. Mlinzi akanitoa. Nikazungukia dirisha la upande wa pili, nikapanua mikono hivi, kikubwa, kikubwa, kumkumbusha. Pini aliniona. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa karatasi. Anazama kwenye maswali, nikasema. Mlinzi akanitoa tena, safari hii kwa kunishika kola.

Nyumbani Pini akaenda moja kwa moja kitandani, na jua bado kali. Uchovu wa ushindi.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Siandiki mengi.

Alama tisa chini ya zile za kwanza. Sehemu ya maumbo, sifuri. Sifuri! Mara ya kwanza aliipata yote. Mwalimu alimwita amuulize mbona amechagua kipande kikubwa kila mahali, na Pini akamweleza habari ya mshono, na viraka, na suruali ya mteja. Mwalimu anasema tangu aanze kufundisha hajapewa na mtoto maelezo mazuri kama hayo. Lakini alama ni alama.

Nikasema hakuna neno, basi turudi kwenye matokeo ya kwanza. Hapo akanisomea aya ya tatu, polepole. Mzazi akiomba mtihani urudiwe, matokeo ya kwanza yanafutwa.

Kisha akaniambia lililobaki, na naamini lilimuuma kulisema. Juzi Jumatano kuna mtoto amehama. Nafasi imefunguka. Wameita anayefuata kwenye akiba.

Mtoto wa dobi.

Nilikaa kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yakanifika kidevuni. Mtu hakufanya lolote! Alikuwa ananyoosha kola!

Jioni Pini akaniuliza kama yeye ni mjinga. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi. Iliniuma. Iliniuma kweli, nikashindwa hata kumtazama. Nikamwambia hapana, mama, wewe si mjinga, ila siku nyingine uwe mwangalifu. Akasema sawa, baba.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Dobi ana uso mkavu! Ameingia dukani na sweta la bintiye na beji ya darasa la vipawa, nimshonee. Kwanza akasimama tu, anapangusa mikono. Akasema alikwenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba nafasi apewe Pini, kwa sababu kila mtu anajua ilikuwa yake, akaambiwa haiwezekani. Akaomba nimwie radhi.

Huo ndio ujeuri wa aliyeshinda. Kumkanyaga mtu kisha unampa pole!

Nikaishona beji. Imepinda. Siyo sana, jicho la fundi tu ndilo litaona. Dobi hakuona, akashukuru mara tatu. Pini aliona. Akaokota mwanasesere wake akatoka. Mke wangu hajasema nami tangu Ijumaa, isipokuwa chakula tayari.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Pini haji tena dukani akitoka shule. Siku tatu sasa anapitiliza kwa dobi. Nawasikia ukutani, yeye na mtoto wa dobi, wanacheka mpaka wanapaliwa. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia anacheka hivyo hapa kwangu.

Leo nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Pini ameifumua ile beji, anaishona upya. Imenyooka kabisa, mishono midogo kama chembe za sukari, mimi mwenyewe nisingeweza. Na mbele yake, wazi kabisa, daftari la mwenzake la darasa la vipawa! Wanalisoma pamoja!

Nikaelewa papo hapo. Upelelezi! Mtoto amejipenyeza. Amemficha hata baba yake. Nikakimbia kumweleza mke wangu kwamba binti yetu anakusanya siri zao kwa ajili ya mtihani wa mwakani. Akanitazama, akavaa viatu vyake vya kazi, akaondoka saa nzima kabla ya zamu.

Furaha imemzidi. Kesho nitampa Pini kidaftari aandike kila anachokiona huko. Na nitamwonya apunguze kucheka, wasije wakamshtukia.