Mama Mkwe wa Kapteni Valdo

Jumatatu, 9 Januari 1978

Shule imekwisha, matokeo hayajatoka, na kazi yangu duniani ni kubeba maziwa. Kila asubuhi nasimama na mkebe wetu kwenye foleni ya kituo cha maziwa hapa Nyansiongo, tukingoja lori. Lori huchelewa. Foleni hubishana. Si juu ya siasa wala mvua. Ni juu ya Himaya ya Jua la Pili.

Tangu gari la sinema lije uwanjani mwaka jana na kuonyesha filamu ya kwanza kwenye shuka, baada ya matangazo ya mbolea, watu hawana amani. Swali ni lile lile. Jumba la Malkia Oriba linaungua huko kwenye sayari yake. Kapteni Valdo anafika kwenye mlango wa chumba cha Malkia, anashika kitasa... anakiachia! Anarudi nyuma! Anamwacha askari wake aingie kumwokoa. Kwa nini?

Omwenga, karani anayepima maziwa, anasema Kapteni aliogopa moto, basi. Tryphosa, jirani yetu, ana vile vitabu vidogo vya picha vinavyoendeleza hadithi, vyote sita. Anasema Kitabu cha Tatu kimeeleza wazi kwamba kitasa kilipakwa sumu. Omwenga akamwambia vitabu si filamu, vitabu vimetungwa na watu wenye njaa. Tryphosa akamuuliza kama filamu yake ilishuka na Musa mlimani.

Mimi nina maoni. Sijayatoa. Nikifungua mdomo mbele ya watu, sauti hukimbilia tumboni.

Leo Okemwa, dereva wa lori, ametuletea habari. Filamu ya pili imefika Kisii mjini! Itaonyeshwa Jumapili mbili tu. Ana nafasi ya mtu mmoja kwenye kiti cha mbele. Omwenga akatoa amri pale pale: nafasi ni ya atakayelijibu vizuri swali la kitasa. Hukumu Alhamisi. Foleni ndiyo mahakama. Na atakayekwenda ndiye atakayetusimulia wengine. Neno lake ndilo litakuwa filamu.

Naitaka nafasi hiyo. Naitaka kuliko matokeo. Mungu anisamehe. Karibu kuliko matokeo.

Jumanne, 10 Januari

Nimepata jibu nikiosha sufuria! Mbona liko wazi? Kapteni amemwoa Irena. Irena ni binti wa Malkia. Malkia ni mama mkwe wake! Nani hapa kwetu ataingia chumba anacholala mama mkwe, hata kiwe kinaungua? Chinsoni! Aibu na heshima kati ya wakwe haizimwi na moto.

Lakini nikilisema mimi, nani atasikia? Jibu linahitaji kitabu. Kwa hiyo kipo Kitabu cha Saba. Nilikisoma shuleni, cha msichana mmoja wa Nairobi. (Hakipo. Lakini kingekuwepo kingesema hivyo hivyo, kwa hiyo si uongo kamili.)

Sitasema mbele ya watu. Nimemwambia Jemimah, binti wa fundi cherehani, kwa siri kubwa. Ukimpa Jemimah siri ni kama umegonga kengele ya shule. Ameapa kunyamaza kabisa. Kisha nimemwona akipanda kilima mbio bila viatu.

Jumatano, 11 Januari

Imefanya kazi! Foleni nzima inasema mama mkwe, mama mkwe. Mzee Angwenyi, ambaye siku zote huita mambo haya upuuzi wa watoto, alijipiga paja na kusema kumbe huyo Kapteni amelelewa vizuri. Omwenga amekiri kwamba hili hakulifikiria. Okemwa peke yake alicheka, eti wazungu hawana chinsoni. Mzee Angwenyi akamuuliza ni nani aliyemwambia watu wa sayari ile ni wazungu. Okemwa akarudi kwenye lori lake.

Mtu aliuliza habari hizi zimetoka wapi. Jemimah akaninyooshea kidole. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumapili nitamwambia Mama naenda Kisii kuuliza habari za chuo cha ualimu.

Alhamisi, 12 Januari

Msiba.

Omwenga aliita hukumu. Nikavuta pumzi. Kabla sijaitoa, Tryphosa akapanda juu ya mkebe uliogeuzwa na kutangaza kwamba Kitabu cha Saba yeye alikisoma zamani, kwa shangazi yake Nairobi! Kitabu ambacho hakipo! Akakisimulia chote. Mikono juu, macho yamefumbwa, sauti ya Kapteni, sauti ya moto. Akaongeza kwamba Kapteni aliomba radhi kwa Malkia akiwa nje, akiuangalia ukuta. Wanawake wawili walipangusa machozi. Na mimi pia nililia kidogo; ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nilitaka kupaza sauti kwamba anasema uongo. Lakini ningejuaje kwamba ni uongo? Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa: je, maziwa yetu yamepimwa?

Nafasi ni ya Tryphosa.

Ijumaa, 13 Januari

Mpango wa pili, rahisi na wa haraka. Omwenga hawezi kumpa heshima mtu aliyeleta maziwa yenye maji. Kwa hiyo, wakati Tryphosa anasimulia kitasa kwa mara ya tano, niliinama nyuma yake na kumimina maji ya kikombe kimoja katika mkebe wake. Mkebe wenye kitambaa chekundu kwenye kishikio.

Wetu pia una kitambaa chekundu. Nimekumbuka baadaye.

Omwenga alitia kile kipimo chake cha kioo kinachoelea. Kikazama kama jiwe. Akaniuliza, foleni yote ikisikia, kama ng'ombe wetu amechumbiwa na mto. Maziwa yakamwagwa. Tryphosa alinitetea! Alisema Mokeira hawezi, Mokeira ni mtu wa aibu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jioni, tukifungua Sabato, Baba aliombea nyumba yetu. Akamwombea hasa mmoja wetu anayependa maji.

Jumamosi, 14 Januari

Sabato. Ng'ombe hawaijui. Nilipeleka maziwa kabla ya ibada. Omwenga ameyapima mara mbili, kisha akayaonja.

Jumapili, 15 Januari

Tryphosa aliwahi misa ya kwanza, kisha akapanda lori amevaa gauni la njano. Nilimtazama nikiwa nyuma ya michai. Nikaomba ipatikane pancha, pancha ndogo tu, isiyoumiza mtu.

Imepatikana. Baiskeli ya Baba.

Jumatatu, 16 Januari

Lazima niandike polepole ili niyaamini.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Watu wasio na ng'ombe pia walikuja. Tryphosa alianza vizuri: vyombo vya angani, majua mawili, vita. Kisha akafika mahali ambapo Malkia Oriba ni mgonjwa. Kapteni akaja. Akafungua mlango. Akaingia chumbani. Akaketi kitandani kwa Malkia, akamlisha uji kwa kijiko.

Mikebe ikatuliwa chini.

Omwenga alimuuliza kwa upole kama amesema alisimama karibu na kitanda. Tryphosa akasema hapana, aliketi. Juu ya kitanda? Juu ya kitanda. Cha mama mkwe? Basi hapo wakalipuka. Yaya! Yaya! Hapana kabisa! Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso. Mzee Angwenyi alichukua mkebe wake na kuusogeza mbali na wa Tryphosa. Mmoja akasema msichana huyu alilala usingizi ukumbini. Mwingine akasema aliingia sinema nyingine, tena ya aina ile.

Tryphosa aliapa kwa Bikira Maria. Hakuna aliyemsikia. Halafu Omwenga akanigeukia mimi na kuniuliza Kitabu cha Saba kingesemaje.

Foleni nzima ikaningoja! Nikasema Kapteni hawezi. Maneno mawili. Wakanishangilia mpaka mbwa wakabweka. Ikaamuliwa pale pale: vitabu ni kweli, filamu ni uongo, na hakuna mtu wa Nyansiongo atakayekwenda kuitazama tena.

Nilifurahi sana. Furaha ilidumu mpaka Okemwa alipotoa kichwa dirishani na kusema Jumapili ijayo nafasi haina mtu, je, Mokeira anaitaka? Watu walicheka wakashika mbavu. Mokeira! Mtetezi wa heshima ya Kapteni! Nami nikacheka pamoja nao. Shavu bado linaniuma kwa kicheko kile.

Jumanne, 17 Januari

Tryphosa hakuja foleni. Alimtuma mama yake. Baadaye nilimkuta Tryphosa kisimani. Nilidhani atanitukana. Aliniambia kwamba Kapteni alikipuliza kile kijiko cha uji ili kisimwunguze Malkia, na yeye hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Akaniuliza kama kweli nadhani ni mwongo.

Nilisema lazima nirudi kwa ng'ombe.

Sasa nayaona mambo mawili. Tryphosa lazima asafishwe. Na mimi lazima nikakione kijiko hicho. Ningeweza kwenda kwa Okemwa nikamwambia tu, Kaka, nataka kwenda. Lakini nina njia nyepesi zaidi.

Jumatano, 18 Januari

Kitabu cha Nane!

Safari hii nilisema mwenyewe, kwa sauti, nimeshikilia mti. Katika Kitabu cha Nane, Kapteni na Irena wameachana. Ng'ombe za mahari zimerudishwa. Basi Malkia si mama mkwe tena. Ni mama mgonjwa tu, na uji ni uji. Kwa hiyo filamu si uongo, Tryphosa si mwongo, na mtu anaweza kwenda kuitazama Jumapili bila doa lolote.

Nyuso zikaanza kulegea. Omwenga alianza kutikisa kichwa kukubali. Tryphosa, aliyekuwa amesimama mwisho kabisa, akainua macho. Nilikuwa nimefika!

Ndipo Mzee Angwenyi akaniita, mwanangu, hebu ngoja. Akauliza kama kulikuwa na watoto. Kitabu cha Nane kilikuwa hakijafikiria watoto. Sauti ikakimbia, na mdomo ukasema peke yake: wawili.

Yaya! Kukiwa na watoto ng'ombe hazirudi zote! Baadhi hubaki kwa ajili ya watoto, na zikibaki, mama mkwe bado ni mama mkwe! Wengine wakasema mbili zinabaki, wengine sita. Omwenga akauliza nani alizihesabu huko angani. Lori lilikuja, watu hawakuliona. Okemwa alipiga honi mpaka akachoka. Kesi imeahirishwa hadi Jumatano ijayo, wazee wa mila kutoka Marani waitwe kushauri. Jumatano! Filamu inaondoka Jumapili!

Baadaye. Nimetulia, nimekunywa chai, nimefikiri kwa makini, na kosa limeonekana. Ni wale watoto. Wakiondoka wale watoto, kesi imekwisha. Tayari nimemwita Jemimah nimwambie, kwa siri kubwa, habari za Kitabu cha Tisa. Watoto wale wawili hawakuwa wa Kapteni.

Hapo Mzee Angwenyi atauliza nini tena?