Vichwa vya Shamari na Jiko Kubwa

Jumatatu, tarehe 6

Goti la Shangazi limegoma. Daktari kasema lipasuliwe wiki ijayo, kisha mwenyewe akae nyumbani mwezi mzima, mguu juu ya mto. Pole yake. Hongera yangu! Mgahawa wake hauwezi kukaa bila mtu kwenye jiko kubwa, na mtu mwenyewe ni mimi. Kikwazo kimoja tu: binamu yangu, binti yake, naye anajiona mtu. Namwita Bi Vipimo. Anapima hadi chumvi ya kutia kwenye yai.

Shangazi kaamua. Jumamosi Mwalimu Mkuu mstaafu anakula kwetu, kaomba samaki kwa shamari mbichi. Kila mmoja wetu apike sahani yake. Itakayorudi nyeupe, mpishi wake ndiye wa jiko.

Mwalimu Mkuu! Yule yule aliyetangaza mbele ya shule nzima kwamba mimi hata nikichemsha maji yataungua. Mpaka leo kuna watu wananiita Maji. Jumamosi ataramba sahani, arambe na maneno yake.

Shamari mbichi ni kitu gani? Niliitikia kwa kichwa kama niliyenyonyeshwa nayo. Mimi najua zile mbegu za kwenye kopo tu.

Jumanne, tarehe 7

Sokoni. Kumbe ni mboga! Chini kichwa cheupe kama kitunguu kilichovimba, juu vijiti, na majani laini kama ndevu za mbuzi. Inanukia peremende.

Muuza mboga akaanza darasa. Eti chagua kigumu, cheupe, kizito mkononi, majani yawe kama yameoshwa sasa hivi. Bi Vipimo akachukua vidogo vidogo, saizi ya ngumi. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Utamshibisha nani na ngumi?

Mimi nikaona pembeni majitu ya maana, mapana, yamekolea rangi ya kahawia. Muuza mboga akasema yale kawawekea sungura wake. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama. Akanifungia huku ananitabasamia. Wanawake wakiona mwanamume anayejua kununua, basi tena.

Jumatano, tarehe 8

Bi Vipimo kakata vijiti, vichwa kavifunga kwa kitambaa kibichi na kuviweka droo ya chini ya friji, majani kwenye kibakuli peke yake. Kama analaza mtoto. Akaniuliza ya kwangu nimeiweka wapi. Nikamwambia mkubwa haulizwi.

Iko kwenye friza, chini ya barafu ya samaki. Kama baridi kidogo inahifadhi kidogo, baridi kali inahifadhi vikali. Hesabu hiyo hawakunifundisha shule.

Ijumaa, tarehe 10

Msiba! Nimeitoa friza ikiwa mawe. Nikaiacha iyeyuke, ikawa soksi zilizoloa. Nikaishika, ikanichuruzikia hadi kwenye kiwiko.

Lakini mtoto wa mwanamume hafi kwa mboga. Bi Vipimo alipotoka kuanua nguo, nilifungua kitambaa chake, nikachukua ngumi zake zote na kumwekea soksi zangu. Nikafunga fundo vilevile alivyofunga yeye. Mikono yangu ina kipaji, jamani.

Shangazi, mguu kwenye stuli, akatukumbusha: toa kigogo cha katikati, kata nyembamba, kaanga kwa moto mdogo mpaka ilainike na kuwa tamu, majani nyunyiza mwisho. Hadithi ndefu kwa mboga fupi. Mimi nitavitokosa vizima. Kitakachoiva polepole, haraka kitaiva zaidi.

Jumamosi, tarehe 11

Siku ya siku. Nikatia vichwa kwenye sufuria, maji, moto hadi mwisho. Kisha nikaenda kupiga shati pasi, maana nitaitwa mezani kupongezwa, na mtu hapongezwi akiwa na makunyanzi. Kola ilinisumbua kidogo.

Bi Vipimo naye akafungua kitambaa. Nilichungulia dirishani nione machozi. Akatazama zile soksi. Akanitazama mimi. Akasema asante, kaka, umenipunguzia kazi ya kulainisha. Akakata penye kahawia, akakamua maji, akakaanga taratibu na kitunguu, akaponda ikawa rojo, akamlaza samaki juu yake. Majani juu. Hata mate yangu yalinisaliti.

Wakati huo sufuria yangu ilikuwa inafuka moshi.

Kabla sahani yoyote haijafika mezani, Mwalimu Mkuu alinusa hewa, akamwuliza Shangazi kama yule kijana wa maji siku hizi anafanya kazi hapa.

Nikakwangua palipoungua, nikaiweka kando ya samaki, nikaiita shamari ya kuchoma. Akatafuna. Akatafuna tena. Meno yake ya bandia yakabaki kwenye kigogo, mdomo ukarudi peke yake. Sahani ya Bi Vipimo ilirudi nyeupe kiasi cha kujitazama usoni.

Jumapili, tarehe 12

Bi Vipimo yuko kwenye jiko kubwa. Mimi niko na sufuria, nasugua. Shangazi kasema isipong'aa nisionekane mezani. Nimechunguza kwa makini: kosa ni la sufuria. Kitako chembamba. Ningepewa ya chuma kizito, leo mngeniita Mpishi.

Kesho natumwa biringanya. Bi Vipimo kanionya nichague ndogo, ngumu, zinazong'aa. Wivu huo! Jumanne pale sokoni niliiona moja, kubwa kama mtoto mchanga. Muuza mboga kaniwekea, kando ya kapu la sungura.