Ekzosi ya Mgombea

Jumapili, 8 Juni

Nimeamua. Ijumaa tunamchagua mwenyekiti wa kituo cha majani ya chai, na mwenyekiti nitakuwa mimi, Ogoti. Nilitunza boila ya kiwandani miaka thelathini na mmoja. Tangu nistaafu hakuna anayeniuliza hata saa. Mama Syprose amekalia kiti hicho mihula mitatu, na hufika kituoni kwa miguu, na mwavuli wake. Mimi nitafika kwa pikipiki niliyoiunda kwa mikono yangu. Fremu ninayo. Tangi nimelipaka rangi ya kijani. Injini inakohoa lakini inawaka. Imebaki ekzosi tu, bomba la kutolea moshi.

Mke wangu Mellen ameuliza kama kuna mpiga kura aliyeomba ekzosi. Hajui siasa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda Kericho kwa Zack, muuza vyuma chakavu. Amenipa bomba nene lililotoka kwenye lori la majani lililostaafishwa mwaka huu. Lori hilo lilipanda kilima chetu miaka kumi. Halikuwa na saa maalumu. Wachumaji walilisikiliza likipanda, ndipo wakakimbilia kituoni na vikapu. Hata hili jipya, la aina ile ile, ni hivyo hivyo. Chuma kizuri sana.

Nimelikata bomba kwa msumeno, nikalichomelea nyuma ya jikoni. Ndani nimetia mkebe wenye matundu ili kupunguza kelele. Kiki ya kwanza, mkebe ukaruka hadi bandani mwa kuku. Jogoo hajatoka mpaka sasa. Nimeuacha mkebe huko huko. Sauti bila mkebe ni nzito, yenye heshima.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya kwanza kati ya mbili za kuchuma; lori huweza kuja leo au kesho. Saa tano nimepanda kilima polepole kuelekea kituoni. Jambo la ajabu limetokea. Watu wametoka mashambani mbio, vikapu mgongoni, mmoja na kiatu kimoja. Nilipozima injini walikuwa kama arobaini, wote wakitazama barabara nyuma yangu. Nikawahutubia. Nikaahidi benchi, paa lisilovuja na mizani isiyoinama upande wa karani. Hakuna aliyeondoka.

Jirani yetu Nyatichi akauliza kama nimelipita njiani. Sikuelewa swali. Nikamjibu kwamba mimi hakuna wa kunipita. Wakarudi kuitazama barabara.

Saa nane nimerudia. Wamekuja tena, wachache kidogo, jasho likiwatoka. Mama mmoja akasema, "Wewe mzee, utatuua." Sikutarajia kupendwa kiasi hiki.

Jumatano, 11 Juni

Nimepita mara tatu. Mara ya kwanza walikuja kumi na wawili. Mara ya pili, wanne. Mara ya tatu alikuja Mama Syprose peke yake, na mwavuli. Ameniomba kwa adabu: Mzee Ogoti, tafadhali, hicho chombo kifungie nyumbani hadi siku za kuchuma zipite. Ameogopa. Nimemwambia demokrasia haifungiwi nyumbani.

Saa kumi nilikuwa uani nakaza madigadi. Nikasikia pikipiki yangu ikipanda kilima. Nikashtuka, nikalishika tangi. Lilikuwepo. Nikakimbilia langoni, kumbe ni lori la majani. Ajabu ni kwamba hakuna aliyetoka shambani. Nyatichi aliendelea kuchuma bila kuinua kichwa, akamwambia mwenzake, "Ni Ogoti huyo, achana naye." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Lori lilingoja dakika kumi. Likapakia majani ya mtu mmoja tu, Mzee Kipkosgei, ambaye masikio yalimwacha zamani na huitazama barabara kwa macho. Likaondoka.

Kwa nini watu wamekataa kuuza majani? Huenda ni mgomo. Huenda wanamsubiri mwenyekiti mpya.

Alhamisi, 12 Juni

Majani yamelala vikapuni, yamepata joto, yamekuwa mekundu. Karani ameyakataa yote. Mellen amerudi na vikapu vyake viwili, akavimwaga juu ya kiti cha pikipiki. Akasema mgongo wake wa siku mbili uko humo. Nimemuuliza anadhani mgomo ulianzishwa na nani. Ameniangalia kama anavyomwangalia ng'ombe aliyefungua lango mwenyewe.

Jioni Nyatichi amefika. Amenieleza polepole, neno baada ya neno, kwamba pikipiki yangu inalia sawasawa na lori la majani, na kwamba watu hawajui tena lipi ni lipi. Nimefurahi. Zack aliniambia ni chuma kizuri. Lakini Nyatichi hakuonekana kufurahi, na sikujua nimkaribishe chai au la.

Ijumaa, 13 Juni

Uchaguzi umefanywa kwa mlolongo: kila mgombea asimame mbele, wanaomtaka wapange mstari nyuma yake. Nimefika nikiwa juu ya pikipiki, injini ikinguruma. Hakuna aliyegeuka. Karani akatuamuru sisi wagombea tutazame mbele. Nyuma nilisikia miguu mingi sana ikipita. Nikaanza kutunga hotuba ya shukrani.

Nilipogeuka, mstari wa Mama Syprose ulizunguka kituo na kuingia kwenye chai. Mellen alikuwa wa tatu. Nyuma yangu palikuwa na moshi, na ndani ya moshi Mzee Kipkosgei. Alinishika mkono kwa nguvu. Akasema tangu aanze kuuza majani hajawahi kupimiwa haraka kama Jumatano. Akauliza kama nikichaguliwa itakuwa hivyo kila wiki.

Mama Syprose akaja kunipa pole. Akanifunika kwa mwavuli wake, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na mimi sikuwa nimeona.

Jumapili, 15 Juni

Mellen amerudi kuzungumza nami. Amesema neno moja: uza.

Nimekaa uani tangu asubuhi nikifikiri, na kosa nimeliona. Watu walishindwa kunitofautisha na lori. Mtu hawezi kumpigia kura asiyemtambua. Kinachohitajika ni honi, ili nikipanda kilima kila mmoja ajue kwamba ni mimi.

Nimempigia simu Zack. Anayo moja, kubwa, ya lori lile lile. Nimemwambia asimuuzie mtu mwingine.