Udongo Juu ya Bati

Jumatatu, 2 Desemba

Wiki ya tatu nimefungiwa nyumbani. Mguu wa kulia una plasta ngumu mpaka chini ya goti. Daktari kasema nisitoke, nisipande kitu, nisinyanyue kitu. Niliumia nikibadilisha taa, juu ya kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Kiti kilikuwa kizuri. Sakafu ndiyo haikuwa sawa.

Mke wangu Emilia bado yuko kwao Buigiri. Majirani tunawaambia anamuuguza mama yake. Ukweli ni kwamba mvua ya kwanza ilivuja juu ya cherehani yake, na akasema atarudi paa likitengenezwa. Alitaka kitu kimoja tu: Swedi abadilishe bati lile bovu, mimi nisiguse. Nikamjibu kwamba nimesikia. Kusikia nilisikia.

Swedi ni jirani, fundi wa kupaua. Yeye Mnyamwezi, babu wa babu yake alipita hapa na mizigo ya misafara akakaa. Mimi Mgogo. Kwa hiyo ni watani, na kwa miaka kumi na tisa hapa Chang'ombe hajawahi kunisalimia bila kunitukana. Siku niliyovunjika alikuja na futi akanipima urefu, akasema mbao za jeneza zimeadimika, itabidi nikunjwe. Kisha akanibeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Mkewe, Mgeni, ananiletea chakula kila siku.

Swedi huyo ndiye apande juu ya paa langu? Atanisimanga mpaka kaburini. Nitalitengeneza mwenyewe.

Jumanne, 3 Desemba

Joto. Saa nne asubuhi bati limeshachemka. Nimelala sakafuni nikamkumbuka babu na tembe lake kule Mvumi. Nje jua la kupasua jiwe, ndani ubaridi. Fito, majani, udongo juu, basi. Sikuwahi kuona tone likipita.

Nikaketi wima. Udongo! Nani kasema bati haliwezi kuvishwa udongo? Joto kwisha, tundu kwisha. Watu wote hawa wana mabati, wana udongo, na hakuna aliyefikiria. Nimewaonea huruma.

Nimeagiza guta zima la udongo wa kichuguu. Mwenye guta aliuliza najenga nini. Nikamwambia asubiri ataona. Kaumwaga mlangoni. Sasa kutoka nje ni kupanda mlima.

Jumatano, 4 Desemba

Kazi imeanza. Ngazi niliyoazima zamani kwa Swedi naipanda kinyumenyume, kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, mguu mbovu ukielea. Ndoo sita chini, kila moja na kamba yake. Napanda, navuta sita, namwaga, nashuka, najaza. Hadi alasiri nimefunika eneo la mkeka mmoja. Plasta imelowa kidogo.

Swedi akatokea kwenye ukuta wa mpaka wetu. Akauliza kama Wagogo wameishiwa mashamba hadi walime angani. Nikamwambia kwamba watu waliozoea kubeba mizigo ya wenzao hawawezi kujua mambo ya nyumba. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema papi zangu, mbao zinazoshika bati, ni nyembamba, zimeliwa na mchwa, hazitabeba udongo, na udongo ukinywa maji uzito wake utaongezeka maradufu.

Utani mzuri huo. Nimeucheka nikiwa peke yangu jioni.

Ijumaa, 6 Desemba

Imekwisha! Chumba cha cherehani chote, kona mpaka kona, unene wa kiganja. Mgongo umekufa. Plasta imekuwa laini kama ugali wa jana. Lakini ndani! Saa nane mchana, baridi. Nimekaa kwenye kiti cha Emilia nikavuta pumzi kama bwana mkubwa.

Halafu nikaona tondoo lake la kushonea juu ya meza. Nikajaribu kulivaa kidoleni, halikuingia. Nyumba hii bila yeye ina mwangwi. Nimemkumbuka mke wangu, niseme nini.

Nikampigia. Nikamwambia paa tayari. Akauliza kama Swedi ndiye aliyelifanya. Nikasema Swedi alikuwepo. Na alikuwepo kweli, ukutani, siku zote tatu.

Anakuja kesho.

Jumamosi, 7 Desemba

Amefika! Kashuka na furushi la vitambaa na kuku kutoka kwa mama mkwe. Aliingia chumba cha cherehani, akaangalia juu, akaona bati lilelile kwa chini. Nikasema Swedi ametumia njia mpya, ya nje. Akasema kumbe chumba kimepoa, Mungu ambariki Swedi. Sikuitikia amina.

Ana sare ishirini na sita za watoto wa shule, zinatakiwa Januari. Ameshona mpaka saa kumi na mbili. Nilikaa sebuleni nikisikiliza cherehani inakwenda. Miaka mingi sikujua kwamba ile ni sauti ya raha.

Alinipikia mlenda. Akauliza plasta imefanya nini. Nikasema jasho.

Jumapili, 8 Desemba



Tulitoka kula saa nane, wingu jeusi likapanda upande wa Kusini. Emilia akarudi kushona. Matone ya kwanza, makubwa. Nikafurahi! Nilitaka aone haivuji.

Swedi akaja mbio, kanzu imelowa, hata hodi hakupiga vizuri. Akanishika bega. "Mtani, leo sitanii. Mtoe shemeji mle chumbani."

Nikacheka. Mtani akikwambia hatanii, huo ndio utani wenyewe! Nikamwambia akalale, wivu utamuua. Hakucheka. Akapaza sauti akimwita Emilia.

Emilia akatoka na sindano mdomoni. Akauliza kuna nini. Swedi akasema lile paa. Emilia akamwuliza, taratibu, mbona analiogopa paa alilolitengeneza mwenyewe. Swedi akaniangalia. Mimi nikaangalia plasta.

Basi Emilia akatoka nje kwenye mvua ili aone kwa macho yake kilichoko juu. Swedi akamfuata. Nami nikajikokota nyuma yao. Hicho tu ndicho kilichotuokoa. Emilia alikuwa amesimama uani, shingo kaiinua, maji ya udongo yakimwagika ukutani, papi zikalia mara moja. Paa lote la chumba likaingia ndani.

Kiti chake kimo chini ya ule udongo. Kiti alichokuwa amekikalia dakika mbili kabla.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Sisi tunachimba.

Swedi alikuja alfajiri na chepe. Amechimba mpaka saa tano. Ameitoa cherehani, akaifuta kwa fulana yake, akazitoa sare moja moja akampa Mgeni azianike. Zimekuwa rangi ya kichuguu.

Hakunitania. Hata neno. Nilimwambia, kwa kumchokoza, kwamba leo Mnyamwezi kapata mzigo wake. Akasema, "Pole, Gideoni." Akaniita jina langu! Miaka kumi na tisa! Afadhali angenitukana mimi, baba yangu na babu yangu. Nilikwenda chooni nikalia.

Emilia hakupiga kelele. Alifunga vitu, akaita guta, cherehani ikapandishwa. Nikamwambia kilichoharibu kazi ni mvua. Akakaza kamba ya mzigo.

"Baba Violeth, nilikuomba kitu kimoja."

Swedi akamsindikiza mpaka stendi. Nimebaki na kuku wa mama mkwe, ambaye pia ananiogopa.

Alhamisi, 12 Desemba

Jua limeingia chumba cha cherehani kwa mlango wa juu. Joto limerudi. Hospitali wamenifunga plasta mpya, wameongeza wiki sita. Daktari alikuta mbegu imeota ndani ya ile ya zamani. Naye hakucheka.

Mgeni bado analeta chakula, anakiweka mlangoni. Swedi hatokei ukutani. Jana nilikohoa kwa makusudi. Sikutukanwa.

Binti yetu Violeth kapiga simu kutoka Morogoro. Anasema mama yake anafua sare moja moja, nyingine zimekataa kutakata, anakesha kushona upya. Nikauliza kama amenitaja. Akasema mama kauliza swali moja tu, kama mguu umefungwa upya.

Ameuliza mguu! Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Mtu haulizi mguu asiokuwa na kazi nao.

Nimefikiri sana, kwa unyenyekevu, nimekubali kwamba palikuwa na kosa. Babu hakuwa na bati. Udongo wangu haukuwa na shida, bati ndilo lililouangusha. Na udongo bado ninao, umejaa chumbani, bure, tayari umeshalowa.

Nitamjengea Emilia chumba cha kushonea uani. Tembe halisi, juu fito na udongo, bati hata moja lisiwepo. Atakapoliona atarudi. Nimemwambia Violeth amwombe mama yake asiharakishe, anipe wiki mbili.

Kesho naanza kukata fito. Swedi hahitaji kujua. Ngazi yake bado iko kwangu.