Mama Amempaka Meneja Wangu Mafuta

Wasee, leo nimeaibika.

Mnajua natengeneza programu za simu nikiwa kwangu, Mwihoko. Meneja wetu Gitau amebanwa na wakubwa wake hadi ametugeukia sisi. Jumatatu alitangaza, "Ijumaa watu wawili wanafutwa kazi." Tangu hapo, kamera na maiki ziko wazi siku nzima, eti asikie tukipiga kibodi. (Ndiyo, kibodi. Hata mimi nilidhani anatania.) Choo naenda nikikimbia.

Jana mama alikuja kutoka Thika na viazi. Nikamwambia yote, hadi nikalia. Woga umenimaliza, hata kula siwezi.

Leo saa nne tumbo likakataa kungoja. Nikamnong'onezea mama, "Keti hapo. Usiguse kitu. Usiongee." Akakubali kwa kichwa.

Choo chetu kiko mwisho wa korido. Nikirudi, nikasikia sauti kama ya maombi ya kesha. Sauti ya mama!

"Shindwa! Bwana, huyu Gitau ni mtoto wa mtu! Toa hiyo roho ya kupigia watoto wetu kelele! Mfunge huo mdomo!"

Nikaingia mbio. Mama amefunga macho, kiganja kiko kwa uso wa Gitau kwa skrini, na mafuta yangu ya kupikia yanatiririka hadi kwa kibodi. Wenzangu tisa wanatazama. Mmoja ameuma kola ya shati asicheke.

"Mama, anakusikia!"

"Na asikie! Si ni yeye naombea?"

Ngai! Nikajua mmoja wa wale wawili ameshapatikana.

Gitau akavua miwani. Halafu kwa sauti ndogo sana akasema, "Amina." Akazima kamera yake.

Dakika tano baadaye, ujumbe wake ukaingia. Niliufungua jicho moja likiwa limefumbwa. "Uliza mama kama saa nane atakuwepo. Nimeitwa na wakubwa."

Sasa mama amekataa chai, anasema amefunga kwa ajili ya Gitau. Anauliza jina lake la ubatizo.

Tafadhali msicheke. Kwa maombi hayo yote, jina langu halijatajwa hata mara moja, na Ijumaa ni kesho.