Nani Kaiba Hewa Yangu?

Jumatatu, 3 Machi
Timu yetu ya bastola za hewa imebakiza nafasi moja ya kwenda kushindana na kijiji jirani Jumapili. Moja! Wanaoitaka ni wawili: mimi na Roswitha, mjane wa mwoka mikate, anayefuma soksi hata akisubiri zamu ya kulenga. Tutapimana Alhamisi. Klabu nzima hujaza vimtungi vya bastola kutoka mtungi mmoja mkubwa wa wapiga mbizi. Wa kwanza hupata hewa ya nguvu, wa mwisho hupata pumzi ya mgonjwa. Kesho wa kwanza ni mimi. Mke wangu Gerlinde kasema tatizo langu halijawahi kuwa hewa, ni jicho.

Jumanne, 4 Machi
Nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Ottokar, mtunza mtungi, alinionya nifungue koki taratibu, kama mtu anayemimina bia na hataki povu. Nikaitikia. Alipogeuka, nikaifungua yote. Fyuuu! Kimtungi kikawa cha moto kama mkate uliotoka tanurini. Geji ya kupimia nguvu ya hewa: mia mbili kamili! Roswitha akaja baadaye, akajaza kidogo kidogo huku akihesabu mishono yake. Maskini. Changu nimekifungia kabatini pale klabuni. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Machi
Nimeibiwa! Geji inasoma mia moja na sabini. Nani mwingine kama si Roswitha? Nilisimama ukumbini, watu na bia zao mkononi, nikadai mkoba wake upekuliwe. Akaufungua mwenyewe. Sufu, sindano, keki ya siagi. Ottokar akacheka hadi akashika meza. "Wee Ewald, hewa yako haikuibiwa, imepoa tu!" Ati ikijazwa kwa pupa hupata joto na geji hupanda, ikipoa geji hushuka. Klabu nzima inajua, isipokuwa mimi. Mwenyekiti akakumbusha desturi: anayemsingizia mwenzake hung'arisha mkufu wa mfalme wa shabaha, yaani bingwa wetu wa mwaka, vibao vyote vya fedha, tangu vya enzi za mababu. Roswitha akanikatia keki. Niliona aibu sana. Nikala vipande viwili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata akili! Kama joto linaniibia, baridi itanilipa. Kimtungi nilikuja nacho nyumbani jana, kikashinda kwenye friji. Gerlinde aliuliza kama soseji zimewekewa mlinzi. Nikakimbia nacho klabuni, nikajaza taratibu kabisa, geji ikapanda kwa heshima. Nikamtazama Ottokar kwa dharau.

Kumbe chuma baridi kwenye ukumbi wenye joto hutoa jasho. Maji yakatiririka hadi kwenye mpini. Nikalenga, mkono ukateleza, bastola ikalia. Karatasi yangu safi, haina hata mkwaruzo. Ya Roswitha, iliyo kando yake, ina tundu katikati kabisa. Kumi! Risasi bora ya maisha yangu, kwenye karatasi ya mjane! Kwangu ikaandikwa sifuri. Yeye akapewa karatasi mpya, akaendelea kwa utulivu wake, akanishinda kwa alama tano. Nilitoka nje nikalia kweli. Ottokar alipouliza, nikasema ni baridi ya friji.

Jumapili, 9 Machi
Wamekwenda bila mimi. Inauma. Kabla ya kuondoka Roswitha alipita nyumbani, akaniachia zile soksi alizokuwa akifuma. Kumbe ni zangu. Zinanienea vizuri, nalo hilo linanikera. Gerlinde kasema mama yule ana moyo wa dhahabu, na kwamba nijifunze.

Nimejifunza. Nimeketi na soksi miguuni, nang'arisha mkufu, mara ukweli ukanijia. Ile kumi ilikuwa yangu! Na Roswitha, alipopewa karatasi mpya, ile yenye tundu aliikunja akaitia mkobani. Niliona kwa macho yangu haya. Kesho nitasimama ukumbini mbele ya wote. Mkoba upekuliwe.