Mchungaji Anayejibebea Mkoba

Mheshimiwa Baba Askofu,

Bwana asifiwe. Mimi ni yule mzee wa kanisa mwenye koti la kijivu aliyekufungulia mlango wa gari ulipokuja kuweka wakfu jengo letu, ukanipa fimbo yako niishike. Ninakuandikia kwa unyenyekevu, nikiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Itifaki, kukuomba umhamishe Mchungaji wetu mpya. Si mlevi, si mgomvi, na mahubiri yake ni mafupi tena yanaeleweka. Kosa lake ni kwamba ametumwa kutuongoza, naye ameng'ang'ania kututumikia. Sababu zangu ni hizi.

1. Mkoba. Hapa kwetu mchungaji habebi mkoba wake. Huubeba mwenyekiti wa itifaki, tangu getini hadi madhabahuni, akimfuata kwa hatua za taratibu, na waumini husimama. Nimewabebea wachungaji wote waliopita. Mmoja wao mkoba wake haukuwa na kitu ila miwani na kitana, lakini niliubeba kwa mikono miwili. Huyu wa sasa, Jumapili yake ya kwanza, nilimnyooshea mikono getini. Akaishika, akanisalimia, akauliza, "Mama anaendeleaje, mzee wangu?" kisha akapita na mkoba wake begani. Nilibaki nimenyoosha mikono mbele ya kwaya nzima kama fundi anayepima kitambaa. Iliniuma, Baba Askofu, na bado inaniuma.

2. Kiti. Kile kiti cha mchungaji chenye mito ya zambarau amempa bibi mmoja anayeumwa kiuno, naye husinzia humo tangu wimbo wa kwanza. Mchungaji hukaa kwenye benchi la mlangoni, lile lenye mguu mfupi, apate kuwapisha wanaochelewa. Tulimweleza kwamba kiongozi hukaa mbele. Akasema, "Wazee wangu, kondoo anayepotea huwa hapotelei mbele." Kamati ilikaa kulijadili jibu hilo, na kikao hicho hakijafungwa mpaka leo.

3. Wageni. Wageni kutoka makao makuu walimkuta amevaa buti za mpira, anasugua choo cha kanisa. Wakamkabidhi mizigo yao, akaibeba yote. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na suti na tai, walinipa heshima zote wakaniita Mchungaji. Ningefanya nini? Kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu. Nilikaa meza kuu, nikabariki chakula, nikatoa na neno fupi kuhusu unyenyekevu. Mambo yaliharibika tulipomaliza kula, pale mtu aliyekuwa akizunguka na birika la kunawia alipoliweka chini akaanza kuwashukuru wageni kwa niaba ya usharika. Aibu ile niliipata mimi, lakini chanzo chake ni yeye.

4. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Mwalimu wa kwaya, mtu aliyekuwa hagusi hata daftari lake la nyimbo mpaka afunguliwe, sasa anapanga mabenchi. Mwenyekiti wa akina mama anapiga deki, tena anaimba. Na mke wangu, ambaye ni mpole, aliniuliza nikiwa nimekaa nasubiri chai, "Mume wangu, hivi wewe unamtumikia nani?" Nikamwambia mimi ni kiongozi. Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

5. Nyumbani kwangu. Sebuleni nimemtengea kochi lenye kitambaa cha kufuma, chini ya picha zangu na wachungaji waliotangulia. Hajawahi kulikalia. Hupitia mlango wa jikoni, akavua viatu, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yangu, ambaye hajainuka kitandani tangu apooze. Mchungaji wa kupitia jikoni ataheshimiwa na nani?

Najua utaniambia kwamba Bwana Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Sipingi, somo hilo nimelisoma kanisani kwa sauti yangu mwenyewe. Lakini aliosha siku moja tu, tena chumbani, si mbele ya wageni wa makao makuu. Na kesho yake, tazama yaliyompata. Kamati haipendi Mchungaji wetu afikwe na mabaya. Tuletee mtu aliye tayari kubebewa.

Nisalimie Mama Askofu, dereva wako, na yule mlinzi wa getini kwako aliyeniita "bosi". Huku wote hawajambo na wanakupenda, ila hawajui kwamba nimekuandikia.

Mimi wako katika utumishi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Itifaki

Nyongeza: Barua hii utaletewa na Mchungaji mwenyewe. Wanakamati wote walisema wana shughuli. Yeye alisema, "Nipe, napita huko," wala hakuuliza ina nini. Tafadhali mpe maji ya kunywa, maana anakuja kwa miguu.

Jambo jingine dogo. Uhamisho huo, ukikupendeza, usije kabla mama yangu hajainuka. Kila asubuhi Mchungaji na mke wangu humgeuza na kumbadilishia shuka ili mgongo usifanye vidonda. Mama humwita "mwanangu". Mimi huniita "mzee wa kanisa". Daktari ametuambia kwamba hatainuka tena. Nami sikosi kuwepo chumbani, Baba Askofu, kwa sababu mikono ya Mchungaji yote miwili inapokuwa imemshika mama, mkoba hunipa mimi.